TAHADHARI: Muuza dawa za bwawa anayezunguka Mbezi Beach na Kigamboni

Wenye mabwawa mapya ya faibaglasi, someni kabla hamjatoa hela. Kuna jamaa ana pikapu, anafuata nyumba ambazo bwawa limewekwa juzijuzi. Anauza ndoo tatu nyeupe anazoziita "seti ya kuanzia". Hazina lebo, risiti hatoi, na maji hapimi. Hilo la kutopima peke yake linatosha kumrudishia getini.

Mimi natunza mabwawa, na nimeitwa mara kadhaa baada ya yeye kupita. Ndoo ya kwanza ni klorini ya unga, anaimwaga kavu. Unga ule hauyeyuki papo hapo, unatuama chini na kubabua jelikoti, yaani tabaka laini la juu la faibaglasi. Madoa meupe yanayobaki hata usugue vipi hayatoki. Kwenye faibaglasi unga huo huyeyushwa kwanza kwenye ndoo ya maji, kisha humiminwa pampu ikiwa inafanya kazi.

Ndoo ya pili ndiyo inayoniuma: mrututu, ile chumvi ya buluu. Maji yanang'aa buluu, mwenye nyumba anafurahi, analipa. Lakini pH (kipimo kinachoonyesha kama maji yana asidi au besi) ikiwa juu, shaba iliyo kwenye mrututu inajitenga na maji na kuganda ukutani. Na kama maji ni ya kisima chenye chuma, klorini inayageuza ya kahawia. Ndoo ya tatu ni bekingi soda, ileile ya keki, kwa bei ya kukufuru.

Madoa yakitokea anarudi na kusema maji yameharibika, yatolewe yote, mnunue seti nyingine na maboza ya maji juu yake. MSIKUBALI. Bwawa la faibaglasi linashikiliwa na uzito wa maji yake. Likikauka mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, hasa wakati wa masika, linaweza kuinuka shimoni, au sakafu ikavimba na kupasuka. Hapo hakuna dawa.

Mtu anayejua kazi huanza kwa kupima. Kwanza alkalini, iwe miligramu 80 hadi 120 kwa lita, maana ndiyo inayoizuia pH isiyumbe. Kisha pH yenyewe, 7.2 hadi 7.6. Klorini baadaye, miligramu 1 hadi 3. Kwa bwawa la lita 40,000, gramu 700 hivi za bekingi soda hupandisha alkalini kwa miligramu 10 kwa lita. Pigeni hesabu wenyewe, halafu mlinganishe na ndoo nzima anayowauzia.

Kama ndoo zake ziko stoo kwako, usichanganye kilichomo na vidonge vya klorini, wala usitumie kikombe kimoja kuchotea vyote. Klorini ya unga ya kalisi ikikutana na vidonge vya triklori, ambayo ni klorini ya aina nyingine, huweza kuwaka moto au kulipuka, na bila lebo huwezi kujua umeshika ipi. Ziweke mbalimbali, pakavu, watoto wasifike, na maji yako yapimwe na mtu mwingine kabla ya kutia chochote.