Chuo Kikuu cha Eastern Africa, Baraton: masomo, Sabato na maisha ya bwenini

Mzazi au kijana anayekifikiria Chuo Kikuu cha Eastern Africa, Baraton, afahamu mapema kwamba mahali hapa darasa na maisha ya nje ya darasa havikutenganishwa, na kwamba anayelipa karo kwa ajili ya shahada huwa amekubali pia namna fulani ya kuishi. Chuo hiki cha Kanisa la Waadventista Wasabato kiko kwenye vilima vya Nandi, karibu na mji wa Kapsabet, katika ardhi iliyokuwa kituo cha serikali cha utafiti wa mifugo. Kilianza kufundisha mwaka 1980, na mwaka 1991 kikawa chuo kikuu binafsi cha kwanza nchini Kenya kupewa hati kamili ya serikali. Niliishi na kusoma hapo, na ninakipendekeza kwa moyo wote, ingawa si kwa kila mtu.

Kwa upande wa masomo, faida yake kubwa inatokana na udogo wake. Mhadhiri anayekufundisha asubuhi ndiye utakayeketi karibu naye ibadani na kukutana naye jioni njiani, kwa sababu wahadhiri wengi wanaishi papo hapo au jirani, na mwanafunzi anayeanza kulegea hutambuliwa kabla matokeo ya mtihani hayajamtangaza. Idara ya uuguzi ndiyo iliyokijengea chuo jina zaidi, na ualimu, biashara na kilimo navyo vina historia ndefu. Kila mwanafunzi, awe Msabato au la, husoma pia masomo kadhaa ya dini, na ninayahesabu kuwa sehemu halisi ya elimu kwa anayeyachukua kwa uzito. Hata hivyo, orodha ya kozi ni fupi ukiilinganisha na ya Chuo Kikuu cha Nairobi au cha Moi, na karo hulipwa kwa kujinyima katika familia nyingi, hata pale mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya Kenya ya mikopo ya elimu ya juu, unapopatikana. Anayetaka fani isiyofundishwa hapa asije kwa sababu ya ibada pekee.

Jambo ninalotaka kulizungumzia kwa kirefu ni Sabato. Ijumaa ni siku ya maandalio: nguo hufuliwa na kupigwa pasi, vyumba husafishwa, na jua linapozama shughuli zote za masomo husimama hadi jua la Jumamosi lizame. Watu hukusanyika kufungua Sabato kwa nyimbo na maombi, na kesho yake kuna Shule ya Sabato, ibada kuu na mazoezi ya kwaya. Mtu wa nje anaweza kudhani kwamba siku nzima ya masomo imepotea, lakini mimi naona kinyume chake. Unapopumzika peke yako huku wenzako wakisoma, moyo hautulii, kwa kuwa unahisi unaachwa nyuma. Chuo kizima kinapopumzika kwa pamoja, hakuna anayemtangulia mwenzake, na ndiyo maana Jumapili asubuhi maktaba huingia watu wenye akili iliyotulia. Kwa Msabato kuna uzito wa ziada, kwa sababu katika vyuo vingine mtihani wa Jumamosi humlazimu kuchagua kati ya imani na shahada. Nchini Uganda suala hilo lilifika hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2006 ilikataa rufaa ya wanafunzi wa Kisabato waliokuwa wamekishtaki Chuo Kikuu cha Makerere. Kijana anayesoma Baraton hauwazi kabisa mzigo huo.

Chakula cha ukumbini hakina nyama: maharagwe, ndengu, kabeji, ugali na wali ndivyo vitakavyokulisha, na mwili huzoea upesi kuliko ulimi. Pombe na sigara ni marufuku, mavazi yana masharti, na mabweni ya wavulana na ya wasichana yametengwa kwa kanuni zinazofuatwa kweli. Hakuna burudani za mjini, baridi ya Nandi ni kali, hasa majira ya mvua, na kijana aliyelelewa Nairobi anaweza kuuona muhula wa kwanza kuwa mrefu mno. Kinachoziba pengo hilo ni watu. Wanafunzi hutoka Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo, na ingawa darasani lugha ni Kiingereza, jioni Kiswahili cha Lubumbashi hukutana na cha Musoma na cha Kisii, kisha wote huimba nyimbo walizokuta katika makanisa ya kwao tangu utotoni. Urafiki wa namna hiyo hauna haraka, na kwangu umedumu.

Asiye Msabato hupokelewa vizuri, lakini kanuni za ibada na mwenendo zinamhusu yeye pia, kwa hiyo aombe kitabu cha kanuni za wanafunzi na kukisoma chote kabla ya kulipa chochote. Ikiwezekana, aende pamoja na mzazi wake Ijumaa mchana, apate malazi Kapsabet, na akae chuoni hadi Jumamosi jioni, kwa kuwa ziara ya Jumanne itamwonyesha majengo na madarasa tu.