Uhakiki wa Culture and Value: Wittgenstein na Ustaarabu Asiouamini

Anayemfahamu Ludwig Wittgenstein kwa maandishi yake ya mantiki na lugha peke yake atashangazwa na kitabu hiki chembamba, ambamo mwanafalsafa huyo anazungumzia muziki, dini, usanifu wa majengo na, zaidi ya yote, mashaka yake juu ya ustaarabu wa kisasa. Yeye mwenyewe hakukipanga kiwe kitabu. G. H. von Wright, mwanafalsafa na mmoja wa waliokabidhiwa maandishi yake, ndiye aliyezichagua tafakuri hizi kutoka katika madaftari ya marehemu, zikachapishwa kwa Kijerumani mwaka 1977, na tafsiri ya Kiingereza ya Peter Winch ikatoka mwaka 1980. Napendekeza toleo lililorekebishwa la mwaka 1998, kwa sababu linaonyesha kila tafakuri imetoka katika mswada upi.

Kurasa zenye uzito mkubwa ni rasimu za dibaji aliyoiandika mwaka 1930. Humo anatamka kwamba kazi yake inaongozwa na moyo ulio tofauti kabisa na ule wa ustaarabu wa Ulaya na Marekani, ambao yeye aliuona umetawaliwa na wazo la maendeleo, yaani kujenga na kuzidi kujenga, ilhali yeye alitaka tu kuiona bayana misingi ya majengo yanayoweza kujengwa. Ni rahisi kuyapuuza maneno haya kama manung'uniko ya mtu aliyezichoka zama zake. Lakini ukiyaweka kando ya kazi yake kuu, Philosophical Investigations, iliyochapishwa mwaka 1953, miaka miwili baada ya kifo chake, utaona kwamba kule kukataa kubuni nadharia na kuridhika na kueleza jinsi maneno yanavyotumika ndiko kukataa kwake maendeleo kulikogeuzwa kuwa mbinu ya falsafa.

Ushahidi ulionivutia zaidi ni wa mwaka 1931. Akimjadili Oswald Spengler, aliyeandika juu ya kuporomoka kwa nchi za Magharibi, Wittgenstein anapendekeza kwamba vipindi vya utamaduni vilinganishwe na familia, ambazo watu wake hufanana bila wote kuwa na alama moja. Wanaomsoma watalitambua wazo hilo mara moja: baadaye lilikuja kuwa nguzo ya maelezo yake kuhusu maana, pale anapouliza ni kitu gani kinachoiunganisha michezo yote. Kumbe dhana tuliyozoea kuisoma kama ya lugha tupu ilishaguswa katika mjadala wa historia ya tamaduni.

Hata hivyo, sikubali kwamba kila hoja yake inautegemea mtazamo huu wa kuyashuku maendeleo. Hoja dhidi ya lugha ya faragha, yaani lugha ambayo mtu mmoja tu ndiye angeweza kuielewa, kwa mfano, inasimama hata kwa msomaji anayeyashangilia maendeleo ya sayansi.

Kitabu kina kasoro. Uteuzi huu umezing'oa tafakuri nyingi kutoka katika mijadala zilimozaliwa, kurasa za muziki zitamchosha asiyewajua Brahms na Mendelssohn, na yale aliyoyaandika mwaka 1931 kuhusu Wayahudi, ingawa naye alikuwa na asili hiyo, yanakera na yanahitaji ufafanuzi ambao kitabu hakiutoi. Si kitabu cha kuanzia. Anayetaka kukinunua asome kwanza kazi ile ya 1953, walau sehemu ya mwanzo, kisha aziendee moja kwa moja rasimu za 1930 kabla ya kurasa nyingine.