Kikaango cha chapati: geuza kwanza, angalia kitako

Jumapili moja nilikuwa na wageni saba, na unga kilo mbili umeshakandwa, umetulia, umekatwa madonge. Kikaango kilikuwa kipya, kile cha madoadoa wanachokiita granaiti, nimekinunua Kariakoo Jumatano yake kwa sh. 38,000 baada ya kubishana mpaka koo likakauka. Chapati ya kwanza ikatoka vizuri. Ya pili pia. Ya tatu nikasikia "toki!" kama mtu kagonga debe, na katikati ya kikaango pakainuka kigongo. Mafuta yote yakakimbilia pembeni. Chapati ikatoka ukingo mkavu kama kaukau, katikati nyeupe peee. Nikakiepua, nikakigeuza, nikakigonga kwa mchi wa kinu. Kikabonyea upande wa pili, basi kila nikiikandamiza chapati kwa kijiko kikaango kinazunguka jikoni kama pia.

Wageni walikula, wageni hawasemi kitu. Mama mkwe ndiye aliyeuliza: "Mwanangu, hizi umezichoma juu ya chungu?"

Tangu siku hiyo mtu akiniomba ushauri wa kikaango simuulizi rangi, wala mfuniko, wala kama mpini unashika moto. Hayo utayaona mwenyewe dukani. Namuuliza kitako kikoje. Na karibu wote mnaoniandikia kulalamika kwamba chapati zenu zinaungua pembeni, mnalaumu unga. Azam hana kosa, mwacheni. Tazameni chombo.

Jambo lenyewe ni rahisi. Alumini ikipata moto inatanuka. Jiko la gesi, hasa lile dogo la kufunga juu ya mtungi wa kilo 6, linapiga moto katikati tu. Katikati panatanuka huku ukingo ukiwa bado baridi. Bati likiwa nene linahimili, na joto linasambaa. Likiwa jembamba halina pa kwenda, linavimba juu au linabonyea chini. Ukimwagia maji ya baridi kikiwa bado cha moto ndiyo umekimaliza kabisa, na hapo kosa ni lako, si la muuzaji.

Kwa hiyo siku hizi naenda dukani na rula ya shule ya mwanangu, ile ya sentimita 30. Nakigeuza kikaango, nalaza rula kwa upande wake juu ya kitako, natazama mwanga unaopita chini yake. Kijimwanga chembamba katikati ni kizuri: maana yake kitako kimeingia ndani kidogo, na kikipata moto kitanyooka. Rula ikiyumba huku na huku, kirudishe rafuni. Halafu bonyeza katikati kwa dole gumba kwa nguvu. Kikilia "tok", umeshajua kitakachotokea kwa chapati ya tatu. Mwisho omba kijiko cha maji, yamwage ndani, kikaango kikiwa kimekaa sawa. Yakikimbilia ukingoni, na mafuta yatakwenda huko huko. Muuzaji mmoja alinicheka, "Mama, unapima kiwanja?" Nikamwambia ndiyo, napima, na hati sijaiona.

Sasa tuje kwenye vyenyewe. Sifichi: mimi ni mtu wa Futura, ya Hawkins wa India. Nasema kile bapa cha chapati, sentimita 26, unene milimita 4.88. Unene wameuandika, na hilo peke yake lilinifanya niwapende, maana vikaango vingi vya hapa vinakuandikia kila kitu isipokuwa hicho. Dada yangu yuko Muscat, ndiye aliyeniletea cha kwanza ndani ya begi, kimefungwa kwenye kanga. Hakina papara. Unakipa dakika nne au tano za moto mdogo kabla ya chapati ya kwanza, na ukishindwa kusubiri hizo dakika hakikufai. Kikishika joto, chapati ya ishirini inatoka sawa na ya pili. Nimepikia vibibi pia, na vibibi ndio mtihani wenyewe: mchele ulioroweka usiku kucha, tui, iliki, hamira kidogo, unamimina upawa mmoja na hugeuzi. Kitako kikiwa sawa, matundu yanafunguka uso mzima kama sega la asali. Kikiwa na kigongo, uji unateremka, unapata kibibi chembamba katikati kama karatasi na kinene pembeni kama mkate. Angalizo moja tu: Wahindi wana tawa bapa na tawa ya bonde. Ya bonde ni ya mikate yao mikavu isiyotiwa mafuta. Wewe mwenye chapati ya kusukuma na mafuta, chukua bapa.

Baada ya hapo naweka chuma kizito cheusi. Ukiwa na ndugu Marekani anayekuja likizo, mwambie akuletee Lodge, kiwanda cha Tennessee kinachofua vyuma hivi tangu 1896. Wana kimoja cha duara cha inchi 10.5, kina ukingo mfupi, chapati unaigeuza bila kuunguza vidole. Hakivimbi. Mjukuu wako atakirithi. Tatizo ni uzito, na kwamba ukikiosha ukakiacha na maji kinashika kutu siku hiyo hiyo: kaushe motoni, kipake mafuta kidogo, kiweke. Kwa jiko la mkaa nakishauri kuliko hata Futura yangu ya kutogandisha, kwa sababu mkaa hauna swichi ya kupunguza, na ule utando wa kutogandisha huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260. Na wapishi wa mkate wa ufuta msiniulize kabisa habari za nonstiki. Mkate wa ufuta unageuza chombo kizima kiutazame mkaa ili juu paive. Chombo kisichogandisha kitautupa mkate ndani ya makaa na ufuta wake. Pale kugandisha ndiyo kazi.

Tefal ni nzuri, wamekuwa wakitengeneza tangu 1956 huko Ufaransa na ile alama nyekundu ya katikati inamsaidia anayeanza kujua kama chombo kimepata moto. Kwa mayai na chapati za maji sina neno. Kwa chapati za kusukuma ukingo wake mrefu unanikera, mkono hauingii.

Vya bei ya chini? Vile vya bati jembamba, kaangia mayai. Vile vya mafundi vya alumini ya kuyeyusha ni vinene, kitako hakina shida, lakini vyombo vya alumini ya mabaki vilivyopimwa katika nchi kadhaa za Afrika vimekutwa vinatoa madini ya risasi, nami nina watoto. Sitasema zaidi.

Ila hiyo granaiti nitaisema. Jamani, si jiwe! Ni alumini ile ile iliyopakwa utando ule ule wa kutogandisha, wakanyunyizia madoa. Muuzaji wangu alikigonga kwa kucha akaniambia, "Sikia dada, jiwe hili." Nilipokirudisha hakuwa na muda wa kusikia lolote. Eti nimekitumia vibaya. Eti nimekiweka kwenye moto. Kikaango nikiweke wapi, kabatini? Na hawa wa mtandaoni nao, picha nzuri, chapati imechambuka tabaka tabaka, ukiuliza bei unaambiwa "njoo DM". Ukienda DM unaulizwa unaishi wapi. Ukisema Mbezi bei inapanda, ukisema Mbagala bei inashuka lakini usafiri unapanda. Kikaango kimoja nimetajiwa 60,000 asubuhi na 85,000 jioni na mtu yule yule, kasahau tulishaongea. Bei andikeni. Unene andikeni. Sisi si wapelelezi.

Mwenye duka akikukataza kukigeuza kikaango au kukitoa kwenye boksi, mshukuru uondoke. Mitaa ya Kariakoo haijaisha.

Kile changu cha 38,000 sikukitupa. Nimekiweka uani, kuku wanakinywea maji. Yanakaa pembeni tu, katikati pakavu.