Uzoefu wangu: Kukodi lori la kusafirisha mashine za karakana kutoka Katwe hadi Arua

Tangu West Nile, eneo letu la kaskazini-magharibi mwa Uganda, iunganishwe na gridi ya umeme ya taifa mwaka 2024, sisi mafundi wa vyuma wa Arua tumepata sababu ya kuziweka mashine kubwa hapa hapa badala ya kupeleka kila kazi nzito Kampala. Ndiyo maana niliamua kuihamisha kutoka Katwe, mtaa wa Kampala, mashine yangu ya kukerezea vyuma (huzungusha chuma huku kisu kikikichonga), ambayo ina uzito wa karibu tani mbili, pamoja na mashine ya kutobolea ya kusimama. Nilikodi lori kutoka kampuni moja ya Kampala, ambayo sitaitaja jina kwa sababu nina malalamiko juu yake, ingawa sehemu kubwa ya kazi yao niliipenda.

Lori lilikuja na dereva na utingo wake, na bei ilijumuisha mafuta yote hadi Arua. Kabla ya kulipa chochote niliomba kuiona hati ya bima ya mizigo safarini, kwa kuwa ile bima ya lazima ya gari haifidii mzigo uliobebwa, na watu wengi huligundua jambo hilo wakati mali imekwisha kuharibika. Walinionyesha bila kusita. Hata hivyo, lori la kwanza walilolileta lilikuwa na mbao zilizooza sakafuni. Gunia la mahindi halina shida na sakafu kama hiyo, lakini mashine hukandamiza uzito wake wote mahali padogo penye miguu, na ubao mmoja ukikatika njiani mzigo mzima hulala ubavu. Nilipolikataa hawakubishana, na mchana huo huo likaja lingine lenye sakafu ya bati nene.

Upakiaji ndio ulionifanya niwaheshimu. Uzito mwingi wa mashine ya kukerezea uko upande wa kichwa chenye gia, tena uko juu, huku miguu ikiwa imekaribiana, hivyo mashine hizi hupinduka upesi mno. Msimamizi wao, bila kuelekezwa na mtu, aliisogeza sehemu inayobeba kisu hadi ncha iliyo mbali na gia ili kusawazisha uzito, akaifunga isitembee, kisha akapitisha mikanda ya kreni chini ya kitanda cha mashine, yaani mwili wake mrefu unaobeba sehemu nyingine, na kuhakikisha kwamba haigusi parafujo ndefu wala ufito wa kusukumia, kwa maana vyuma hivyo vikipinda hata kidogo usahihi wa mashine umepotea. Kreni iliinua mashine kiasi cha kiganja tu kutoka ardhini. Ikaonekana inainamia upande wa gia. Akaamuru ishushwe, akausogeza mkanda mmoja, ikainuliwa tena, na safari hii ikaning'inia sawa. Nimewaona wapakiaji wengine wakiendelea kuinua tu huku wakiishikilia kwa mikono.

Chini ya miguu waliweka vipande vya tairi kuukuu na mbao ngumu, kwa sababu chuma kikiwekwa juu ya chuma huteleza, na mbele ya mashine wakakaza magogo ya kuizuia. Kanuni za Ulaya za ufungaji wa mizigo hutaka vifungo vihimili asilimia 80 ya uzito kuelekea mbele, kwa ajili ya breki za ghafla, na asilimia 50 kuelekea pembeni na nyuma. Kwa mashine ya tani mbili, hiyo ni nguvu ya tani 1.6 upande wa mbele peke yake, na kamba za katani ambazo bado naziona kwenye malori mengi haziwezi hata kukaribia. Hawa walitumia cheni nne zenye vikazio, kila moja ikivuta kuelekea pembe yake, na pale ambapo cheni ilipita kwenye ukingo mkali wakaweka mpira. Reli za mashine, ambazo sehemu ya kisu huteleza juu yake, tulizipaka grisi nzito na kuzifunika kwa turubai, kwani mvua ya njiani huacha kutu kwa usiku mmoja.

Nilisafiri nao. Tulipofika Bombo dereva alisimama, akapanda juu na kuanza kuzikaza cheni upya. "Bosi, mbao sasa zimekaa, lazima cheni zimelegea," aliniambia, na kweli moja ilikuwa imelegea kiasi cha kupitisha vidole. Kwenye mizani ya Luweero hatukucheleweshwa, kwa sababu mzigo ulikuwa umewekwa mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, na tulikuwa chini sana ya tani 10 ambazo sheria ya Afrika Mashariki huruhusu kwa ekseli moja yenye tairi nne. Mteremko wa kuingia daraja la Karuma ndio mahali nilipopahofia zaidi, lakini aliushuka kwa gia ndogo bila kukanyaga breki kwa nguvu. Giza lilipoanza kuingia alikataa kuendelea kuelekea Pakwach, kwa kuwa barabara hiyo inapita kandokando ya hifadhi ya Murchison ambako tembo huvuka, na mimi nilimuunga mkono.

Malalamiko yangu yanahusu Arua. Ofisi ilikuwa imeniahidi kwa mdomo kwamba kreni ya kushushia ingekuwa inatungoja. Haikuwepo. Nilipopiga simu nilizungushwa kutoka mtu mmoja hadi mwingine, lori likalala na mzigo nje ya karakana, na hatimaye nikatafuta gari la kuvuta magari mabovu lenye kreni na kulilipa mwenyewe. Dereva na utingo walibaki nami hadi mashine ikakaa juu ya zege, jambo ambalo halikuwa wajibu wao. Baadaye ofisi ilinirudishia nusu ya gharama hiyo, nami naona ilistahili kurudisha yote.

Mashine yenyewe ilifika salama. Niliisawazisha kwa pimamaji ya usahihi, kwa kuwa kitanda kikikaa kimejipinda kitakereza chuma kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine, kisha nikahakiki mpangilio wa nyaya za fezi tatu za umeme ili mota isizunguke kinyume. Kipande cha kwanza nilichokereza kilitoka na kipenyo kile kile ncha zote mbili.

Kwa upakiaji na uendeshaji nawapa alama zote, lakini kwa ushushaji sina alama ya kuwapa. Bado nina mashine ya milingi (ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka) Katwe, na nitawakodi wao tena kuileta, mradi kreni ya Arua iandikwe kwenye mkataba, pamoja na saa ya kufika kwake na nani atailipa isipokuja.