Programu ya kuhariri picha inayohifadhi bila kuuliza: uzoefu wangu

Ninaendesha studio ndogo ya picha Sinza, na kazi zangu nyingi ni za harusi, sendofu na picha za pasipoti. Programu ninayoizungumzia niliipata pamoja na kompyuta niliyonunua Kariakoo. Ni nyepesi, haidai intaneti wakati wa kazi, na hurekebisha rangi ya ngozi vizuri kuliko nilivyotarajia. Kasoro yake ni moja, nayo ni nzito: ukishaigusa picha na kubonyeza mshale wa kwenda picha inayofuata, mabadiliko yote huhifadhiwa juu ya faili halisi bila kuulizwa.

Mteja mmoja alitaka bi harusi aonekane peke yake kwa ajili ya kadi ya shukrani, nami nikaikata picha, nikaridhika nayo, nikasogea mbele. Nilipofungua folda, faili iliyokuwa na pikseli 4000 kwa 3000 ilikuwa imebaki kipande, tarehe yake imebadilika kuwa ya dakika ileile, na mashangazi waliosimama pembeni hawapo tena. Kutendua hakukuwezekana, kwa kuwa hatua zote hufutwa mara tu unapoiacha picha. Kilichoniokoa ni kadi ya kamera, ambayo huwa siifuti kabla mteja hajachukua kazi yake.

Hata usipokata chochote, hasara ipo, kwani picha ya JPEG, aina ya faili inayobana picha ili iwe ndogo, hubanwa upya kila inapohaririwa na kuhifadhiwa, na kila inapobanwa hupoteza ubora kidogo, hasa kwenye nakshi za kitenge na kingo za maandishi.

Nakubali kwamba umeme wetu ukikatika ghafla, programu inayojihifadhia yenyewe ni msaada; lakini mabadiliko hayo yangeweza kuwekwa kando. Programu ya Lightroom, iliyotoka mwaka 2007, huweka maelekezo ya uhariri kwenye katalogi yake, yaani faili ya kumbukumbu iliyo kando ya picha, na kuiacha picha halisi kama ilivyo, na GIMP, ambayo ni ya bure, tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012 huhifadhi kazi katika faili ya XCF, ambayo ni aina yake yenyewe ya faili, huku kutoa JPEG kukiwa amri ya peke yake.

Katika mipangilio kipo kisanduku cha kuzima tabia hii, ila programu ikisasishwa, tabia hiyo hujiwasha tena. Kwa sasa naitumia kwa picha za pasipoti tu, tena kwenye nakala. Harusi nimezihamishia GIMP.