Ghala la kadibodi, behewa la plastiki na mabati ya Wills: tathmini kwa anayejenga reli ya modeli

Anayeanza kujenga reli ya modeli kwa kipimo cha 1:76, yaani kila kitu kikiwa kimepunguzwa mara 76, ambacho Waingereza hukiita OO, hukutana mapema na majina matatu: Metcalfe wa Yorkshire, wanaouza majengo ya kadibodi yaliyokatwa tayari, Parkside, ambao mabehewa yao ya plastiki siku hizi hutolewa na Peco wa Beer, Devon, na Wills, jina jingine lililo chini ya Peco, linalojulikana zaidi kwa vibao vyake vya plastiki vyenye sura ya matofali, mawe, vigae na mabati. Nimejenga kitu kutoka kwa kila mmoja wao, yaani ghala la mizigo, behewa lililofunikwa la tani 12 na kibanda cha mabati. Nitavipima kwa jinsi vinavyojengeka, na pia kwa manufaa yake kwa msomaji ambaye, kama mimi, anataka hatimaye kuona mezani kwake stesheni ya Afrika Mashariki wala si ya Yorkshire.

Ghala la Metcalfe ndilo rahisi kuliko vyote. Vipande vimekatwa kwa mashine na kubakizwa vimeshikwa na vishikizo vidogo, ambavyo fundi huvikata kwa ncha ya kisu cha wembe. Mistari ya kukunjia imekwisha kutiwa alama, na maelekezo yana michoro ya kutosha hata kwa mtu ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha. Kadibodi nene ya kijivu hubeba nguvu ya jengo, na juu yake huja karatasi ngumu iliyochapishwa sura ya ukuta. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, mradi ipakwe kidogo kwa kijiti, kwa maana maji yake yakizidi kadibodi hupinda na hainyooki tena.

Udhaifu wake unatokana na kadibodi yenyewe. Ukuta uliochapishwa hauna kina, hivyo taa ikimulika kutoka upande mmoja jicho hugundua mara moja kwamba kati ya tofali na tofali hakuna kivuli. Kingo zilizokatwa nazo huonyesha rangi ya karatasi kwenye kila pembe. Hili la pili lina dawa rahisi, nayo ni kuzipaka kingo kwa penseli ya rangi au rangi ya maji kabla ya kubandika chochote. La kwanza halina dawa, ila linaweza kupunguzwa kwa kuongeza vitu vinavyotokeza nje ya ukuta, kama vile gata na mabomba ya maji ya mvua yaliyotengenezwa kwa waya, vizingiti vya madirisha, na milango iliyoachwa wazi nusu. Lebo ya OO/H0 inayoandikwa kwenye pakiti (H0 ni kipimo cha 1:87) isimdanganye mtu pia: mlango wa mita 2 ni milimita 26 katika 1:76 na milimita 23 katika 1:87, na jengo moja haliwezi kuwa sahihi kwa vipimo vyote viwili. Kwa wakazi wa pwani, ambako unyevu wa hewa hauna msimu wa kupumzika, napendekeza kuweka mihimili ya ziada ndani ya kuta na kupaka vanishi isiyong'aa nje na ndani kabla paa halijafungwa.

Behewa la Parkside ni kazi ya daraja jingine. Linaiga behewa la mizigo la British Railways, shirika la zamani la reli la Uingereza, lenye ncha za chuma chenye mawimbi, na hesabu yake inampendeza mtu anayependa kupima, kwa kuwa katika kipimo hiki kila futi 1 ni milimita 4: fremu ya futi 17 na nusu inakuwa milimita 70, na umbali wa futi 10 kati ya ekseli mbili unakuwa milimita 40. Pakiti huja na magurudumu na beringi zake, jambo ambalo si la kawaida kwa watengenezaji wote, na plastiki imechongwa kwa ukali unaoonyesha bawaba za milango, vichwa vya boliti na majani ya springi bila kuyavimbisha. Rangi na gundi hununuliwa kando.

Ubora wa seti kama hii hujulikana kwenye fremu, si kwenye mwili. Kuta nne hata mtoto wa shule atazisimamisha, lakini fremu ikipinda kidogo tu gurudumu moja litaning'inia hewani na behewa litaacha reli kwenye kila makutano ya njia. Utaratibu unaofaa ni kukwangua kwanza mabaki ya plastiki pale vipande vilipokatwa, kuingiza beringi kwenye matundu yake, kubandika boriti ya upande mmoja na kuiacha ishike, kisha kubandika ya pili magurudumu yakiwa katikati na behewa likiwa limesimama juu ya kipande cha kioo. Kioo hakidanganyi, gurudumu lisilogusa huonekana papo hapo, na gundi ikiwa bado mbichi boriti inaweza kusogezwa kidogo mpaka yote manne yatulie. Behewa la Parkside lilikubali utaratibu huu bila ubishi, na magurudumu yake huzunguka muda mrefu ukiyasukuma kwa kidole. Sehemu inayohitaji subira ni breki: viatu vyake, fimbo zake na silinda ya ombwe (inayovuta breki kwa nguvu ya hewa iliyonyonywa) ni vipande vyembamba vinavyopaswa kukaa kwenye mstari mmoja na magurudumu bila kuyagusa, na bila kibano kizuri na mwanga wa kutosha ni afadhali kazi hiyo isubiri asubuhi.

Plastiki tupu ni nyepesi mno. Wajenzi wengi hulenga gramu 25 hivi kwa kila ekseli, maana yake gramu 50 kwa behewa hili, na kwa kuwa lina paa uzito unaweza kufichwa ndani kabla halijafungwa. Nati za chuma zinafaa kabisa. Wanaotumia punje za madini ya risasi wasizishike kwa gundi nyeupe ya mbao, kwa sababu risasi na gundi hiyo huathiriana polepole, mchanganyiko huvimba, na kuta hupasuliwa kutoka ndani. Baada ya hapo hupakwa rangi ya kahawia nyekundu, ambayo ndiyo iliyotofautisha mabehewa yenye breki za ombwe na yale ya kijivu yasiyo nazo, kisha vumbi. Rangi mpya inayong'aa huharibu kazi nzuri kuliko kosa lolote la kisu. Tabaka jembamba la rangi ya udongo kwenye fremu, na masizi kidogo juu ya paa, ndivyo vinavyolifanya behewa lionekane limewahi kubeba kitu.

Kwa vibao vya Wills nitakawia zaidi, kwa kuwa hapa ndipo msomaji wa kwetu anapoguswa. Pakiti ya mabati ina vibao vinne vidogo, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 13 hivi na upana wa sentimita 7 na nusu, na haina maelekezo yoyote ya jengo: mjenzi huchora ramani yake mwenyewe na kukata. Bati la kawaida la vipimo vya zamani lina umbali wa inchi 3 kutoka kilele cha wimbi hadi kilele kingine, ambao katika 1:76 ni milimita 1 kamili, na kwa jicho la mtu aliyekulia chini ya paa la bati sura ya vibao hivi inakubalika. Tatizo ni unene. Kibao chenye unene wa milimita 1 tu kingekuwa bati la sentimita 7 na nusu, kitu ambacho hakuna fundi angeweza kukipandisha juu ya kenchi. Kwa hiyo kingo zote zinazoonekana, hasa kwenye ukingo wa chini wa paa, zinapaswa kukwanguliwa kwa tupa kutoka upande wa nyuma mpaka zibaki nyembamba kama ukucha. Maungio ya kibao na kibao nayo ni magumu kuficha. Njia bora ni kuyapanga yaangukie kwenye pembe, nyuma ya nguzo, au chini ya kofia ya paa.

Ipo pia njia ya kukitumia kibao bila kukikata kabisa. Kipande cha alumini nyembamba, kama ile ya trei za chakula, hulazwa juu ya mawimbi na kusuguliwa kwa kijiti cha mti laini mpaka kichukue umbo lake, kisha hukatwa vipande vya ukubwa wa mabati halisi na kubandikwa kimoja kimoja, kila kimoja kikilalia kidogo jirani yake. Paa linalotokea lina wembamba wa kweli, linakubali kukunjwa kwenye pembe kama bati lililopigwa na upepo, na kibao kimoja kinaweza kuzaa mabati ya kijiji kizima. Kwa ghala, choo cha stesheni au nyumba ya mfanyakazi wa reli, sijaona kitu kinachokaribia zaidi majengo ya mabati na mbao yaliyojengwa kando ya njia iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901.

Behewa haliwezi kuhamia Afrika Mashariki kwa urahisi hivyo. Njia ile ya Mombasa ni ya geji (upana kati ya reli mbili) ya mita 1, ambayo katika 1:76 ingehitaji reli zilizoachana kwa milimita 13 na kidogo, wakati behewa la Parkside linatembea kwenye milimita 16.5. Mabehewa ya huku pia huungana kwa kiungio kimoja cha katikati, na hayana bafa mbili za pembeni, yaani vikinga mgongano. Anayetaka geji ya mita hupata nafuu akihamia 1:87 na kutumia njia ya milimita 12 inayouzwa tayari, kisha achonge mwili wa behewa lake kwa plastiki tupu, akienda kupima na kupiga picha yaliyomo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Kwa kejeli kidogo, ni reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ambayo geji yake ya milimita 1,435 inaingia sawasawa kwenye njia ya milimita 16.5 katika 1:87, ingawa hakuna behewa la Kiingereza la tani 12 litakalofanana na chochote kinachopita huko.

Kwa mwanafunzi wa kwanza ningeshauri ghala la Metcalfe, kwa mwenye mikono iliyotulia behewa la Parkside, ambalo ndilo lililotengenezwa vizuri kuliko yote, na kwa mwenye ndoto ya stesheni ya bara pakiti mbili za mabati ya Wills kabla ya kitu kingine chochote. Yote matatu ni bapa au mepesi na hayasumbui kutumwa kwa posta. Gundi inayoyeyusha plastiki, hata hivyo, hushika moto na haisafirishwi kwa barua za ndege, hivyo itafutwe hapa hapa kabla ya kuagiza, na itumiwe dirisha likiwa wazi.