Grand Comics Database: Huduma ya Kumtambua Mchoraji Aliyesahaulika

Anayekusanya katuni za mashujaa kutoka kampuni ndogo za uchapishaji hapa Nairobi hasumbuliwi sana na bei, kwa sababu kwa wauzaji wa “inama”, wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya njia katikati ya jiji, katuni kuukuu huuzwa kwa bei sawa na gazeti lolote la zamani. Kinachomsumbua ni kujua alichonunua: shujaa huyu ni nani, matoleo yake yalikuwa mangapi, na zaidi ya yote, ni mkono wa nani uliomchora. Kwa kazi hiyo sijapata msaada unaoweza kulinganishwa na Grand Comics Database, hifadhidata inayopatikana bila malipo katika comics.org, nami naipendekeza kwa moyo wote.

Ilianzishwa mwaka 1994, na hadi leo hujengwa na watu wanaojitolea. Kila mfululizo una ukurasa wake, kila toleo lina ukurasa wake, na ndani ya toleo kila hadithi hutajiwa mwandishi, mchoraji wa penseli, aliyetia wino, aliyetia rangi, aliyeandika maneno ya wahusika na mhariri. Mgawanyo huo una thamani kubwa kuliko unavyoonekana, kwa maana katika kampuni ndogo mtu mmoja aliweza kushika kazi nne, na msaidizi aliyetia wino kurasa chache tu akawa msanii mkubwa miaka kumi baadaye. Pale ambapo jina halikuchapishwa na mtunza kumbukumbu amekisia kwa kutazama mtindo wa mistari, alama ya kuuliza huwekwa kando ya jina. Naiheshimu sana alama hiyo, kwa kuwa inamwonyesha msomaji mahali ambapo utafiti bado unahitajika.

Mfano mzuri ni Powerman, shujaa Mwafrika aliyeanza kuchapishwa mwaka 1975 katika jarida lililotengenezwa Uingereza kwa ajili ya wasomaji wa Nigeria. Wachoraji wake walikuwa vijana wawili waliokuwa ndio wanaanza kazi, Dave Gibbons na Brian Bolland, ambao baadaye walipata sifa duniani kote. Hadithi hizo zilipochapishwa upya mwaka 1988, jarida liliitwa Power Comics na shujaa akabadilishwa jina kuwa Powerbolt, kwa kuwa Marvel, kampuni kubwa ya katuni ya Marekani, ilikwisha kuwa na Power Man wake. Anayetafuta kwa jina la shujaa peke yake atafikia nusu ya njia tu, ilhali anayetafuta kwa jina la mchoraji hufuata kazi yake kutoka kwa mchapishaji mmoja hadi mwingine. Vivyo hivyo kwa Brotherman, mfululizo ulioanzishwa mwaka 1990 na ndugu wa familia moja ya Philadelphia bila kutegemea kampuni kubwa: mchoraji wake, anayejulikana leo kama Dawud Anyabwile, zamani aliitwa David Sims.

Ili kunufaika na huduma hii, usianze na jalada. Fungua ndani, tafuta maandishi madogo sana ambayo mara nyingi huwa chini ya ukurasa wa kwanza au nyuma ya jalada, na unakili jina kamili la mfululizo, nambari ya toleo, mji wa mchapishaji, mwezi na mwaka. Majalada hupotosha. Maandishi hayo ndiyo yanayotenganisha chapa ya kwanza na chapa za baadaye, na tofauti hiyo si ndogo: Kevin Eastman na Peter Laird walipotoa toleo la kwanza la Teenage Mutant Ninja Turtles mwaka 1984, walichapisha nakala takriban 3,000 tu, kisha likarudiwa mara kadhaa. Mafanikio yao yaliwavuta wachapishaji wengi wadogo wa Marekani kutoa katuni za rangi nyeusi na nyeupe, maduka yakajaza rafu kupita kiasi, na kufikia 1987 soko lilikuwa limeanguka. Ndiyo sababu kuna mashujaa wengi wa kipindi hicho ambao hadithi yao ilikatizwa baada ya toleo la pili, na wachoraji wao hawakusikika tena.

Upungufu wa hifadhidata hii upo karibu nasi. Kumbukumbu za Marekani ni nzito kuliko za Afrika, jambo linalotarajiwa mahali ambapo kila mtu huandika kile anachokimiliki. Kwezi, shujaa wa mchoraji Loyiso Mkize aliyeanza kuchapishwa Afrika Kusini mwaka 2014, na mashujaa wa kampuni ya Comic Republic ya Lagos wanahitaji mtafiti apite pia kwenye kurasa za wasanii wenyewe. Kuhusu Akokhan, mhusika mwenye nguvu za ajabu aliyebuniwa na marehemu Frank Odoi, Mghana aliyeishi na kufanya kazi Nairobi hadi kifo chake mwaka 2012, hifadhidata iliyojengwa kwa ajili ya vitabu na majarida ya katuni haitoshi, kwa maana kazi nyingi za wachoraji wetu zilitoka magazetini. Hapo sharti uende Maktaba ya McMillan, Barabara ya Banda, ukafunue magazeti ya zamani kwa subira.

Kurasa za Grand Comics Database zina maandishi mengi kuliko picha, kwa hiyo hufaa hata kwa simu yenye bando dogo. Bei za soko hazitolewi, nami naona ni vyema. Mwenye akaunti anaweza kutunza orodha ya mkusanyo wake, na pia kuwasilisha toleo lisilokuwepo au kusahihisha jina la msanii. Mhariri hupitia mabadiliko hayo kabla hayajaonekana. Mwenye katuni ya Kenya kabatini na awasilishe yale maandishi madogo ya ndani pamoja na picha safi ya jalada, na amtaje pia aliyetia wino.